Wakili na Wageni Wake

Wakili hakumwingiza mtu chumbani kwake kabla hajakaa kwenye benchi. Awe tajiri mwenye mashamba mawili, awe mama wa mboga, awe mtoto wa chuo aliyekuja na suti mpya na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, wote walikaa kwenye benchi moja refu la mbao pale koridoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, mjini Nakuru. Nililipangusa benchi hilo asubuhi na jioni kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa mtu wa chai na ufagio. Shule niliacha mapema, kusoma nilijifunzia kanisani, na sheria sikuisoma popote. Kwa hivyo sitaeleza sheria. Nitaeleza mtu.

Wale watoto wa chuo ndio aliowaita wageni. Nchi hii inataka mtu akimaliza chuo kikuu, na akimaliza tena ile shule ya mawakili inayofuata, akae miezi kadhaa chini ya wakili aliyekomaa, amwone anavyofanya kazi, ndipo aende Nairobi kuapishwa. Kabla ya kiapo mtu huyo si wakili, hata kama kwao walimchinjia mbuzi wakamwita hivyo kwa kipaza sauti. Na walikuwa wengi kuliko mawakili wa kuwapokea. Wiki haikuisha bila mmoja kupanda zile ngazi, amepiga viatu rangi mpaka vinawaka, ananisalimia kwa heshima nyingi akidhani mimi ni mama wa mwenye ofisi.

"Mgeni akija," Wakili aliniambia, "mpe chai. Usimpe matumaini."

Aliyekubaliwa hakupewa meza. Alirudishwa kwenye benchi lile lile, akae wiki za kwanza katikati ya wateja, bila tai, bila kusema yeye ni nani. Odhiambo, karani wetu, alipenda sana siku hizo. "Karibu, Mheshimiwa Jaji," angemwambia kijana, "keti hapo karibu na kuku." Na mara nyingi kuku alikuwapo kweli, amefungwa miguu, kwa sababu watu wa mashambani hawaendi kwa wakili mikono mitupu.

Kijana mmoja alikasirika. "Mzee, nimesoma miaka hiyo yote nije nikae na wateja?"

"Umesomea kusema," Wakili akamjibu. "Kukaa hujasomea."

Jioni aliwaita mmoja mmoja. Mimi nikiwa nakusanya vikombe nilisikia.

"Yule mzee wa koti la kijani. Ana kesi gani?"

"Ya mpaka wa shamba, Mzee."

"Hiyo ndiyo aliyoniambia mimi. Wewe pale nje alikwambia nini?"

Kijana akafikiri. "Alisema mtoto wake wa kwanza hamsalimii tena."

"Basi hiyo ndiyo kesi. Ule mpaka ni fimbo tu ya kupigana."

Aliamini kwamba mtu akishaingia mlango wa wakili anaanza kusema maneno ya kushinda, na ukweli anauacha nje na mwavuli. Sijui kama ni sawa. Najua alishinda kesi ambazo wenye ofisi za vioo walizikataa.

Alikuwa mkali. Sitamsafisha kwa sababu sasa ni mgonjwa. Mgeni akichelewa alikuta mlango umefungwa na akakaa nje siku nzima. Mgeni akiandika vibaya alisomewa maandishi yake kwa sauti mbele ya wateja, na Wakili alikuwa na sauti ya kusomea, ya puani, iliyofanya hata sentensi nzuri isikike ya kipumbavu. Nimewapa wasichana wengi karatasi ya kujifutia macho kule jikoni. Mmoja aliniambia, "Mathe, huyu mzee ana roho kweli?" Nikamwambia anayo, lakini huiweka mbali na kazi.

Sheria moja aliwapa wote siku ya kwanza, na aliisema amesimama: "Mahakamani, kabla ya kiapo, mdomo wako ni wa kupumulia. Utabeba faili. Utaketi nyuma yangu. Ukisikia moto, kimbia bila kupiga kelele." Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Mtu ambaye hajaapishwa akisimama mbele ya hakimu na kumsemea mteja, huko ni kujifanya wakili, na kwa hilo anaweza kufungwa, na kile kiapo asikione maishani.

Ubaya wake mkubwa ulikuwa huu: hakukosea. Yaani alikosea kama mimi na wewe, lakini kosa halikuwahi kuwa lake. Siku moja faili ilipotea, kesi ikaahirishwa, mteja akalia. Wakili alimwita Odhiambo mbele yetu sote akamwita mzembe, mlevi, mtu wa kuvuta kampuni nzima shimoni. Odhiambo hanywi hata soda. Baadaye nilipokuwa nikimtolea Wakili mwavuli kwenye gari lake, faili ilikuwa pale, chini ya kiti, ina alama ya kiatu chake. Nikaileta nikaiweka mezani. Akaitazama, akaniambia, "Chai imepoa." Basi. Neno la samahani halikutoka, si siku hiyo, si kesho yake. Ila wiki iliyofuata mtoto wa Odhiambo aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare alionekana shuleni na sare mpya na sweta. Odhiambo alijua ilikotoka. Akaniambia, "Mama, mimi ningependa lile neno kuliko sweta." Nami nilikubaliana naye.

Sasa niseme wageni walikwenda wapi, kwa sababu hilo ndilo watu hawaulizi. Watu wanajua kuuliza kuhusu mahafali.

Waliapishwa, wengi wao. Walirudi kutuonyesha picha wakiwa na joho jeusi, Odhiambo akawapigia saluti. Halafu wakaanza kuzunguka. Mmoja alikwenda Uarabuni kulinda lango la hoteli. Mmoja alifundisha historia katika shule ya binafsi huko Njoro. Mmoja alisimama nje ya ofisi za ardhi akiwajazia watu fomu, akigombania wateja na madalali ambao hawakumaliza hata darasa la nane. Msichana mmoja, aliyekuwa na akili kama wembe, aliuza viatu vya mitumba Kaptembwo, karibu na pale ninapokaa; alivipanga juu ya gunia, na wenzake wakamwita Advoketi kwa kumtania. Mwingine alikaa kaunta ya kupokea pesa katika bucha moja ya nyama choma Kikopey. Wateja wakigombania uzito wa nyama, yeye ndiye aliyeamua, na walisema hukumu zake zilikuwa nzuri.

Mmoja tu alipanda kweli. Alikuwa kijana mtulivu, aliyependa tai nyekundu, na kwenye benchi alikuwa bora kuliko wote. Watu walimweleza mpaka ndoto zao. Aliajiriwa na ofisi kubwa yenye vioo, na tangu siku hiyo tulimwona mahakamani tu, upande wa pili.

Wakili alisema hawafuatilii. "Mgeni akishaondoka usimfuate barabarani." Nilimwamini, mpaka nilipoona viatu. Mtu huyu alikuwa na miguu miwili kama sisi, lakini kule nyuma ya kabati lake kulikuwa na viatu vya mitumba jozi kwa jozi, vingine vidogo, vingine vya kike hasa. Yule msichana wa Kaptembwo aliniambia, "Huyo mzee hupita hapa kila mwisho wa mwezi. Hajaribu hata. Anaonyesha kwa kidole, analipa, anaondoka." Na Odhiambo, aliyekuwa dereva wake safari za mbali, akaniambia kwamba kila wakitoka Nairobi lazima wasimame Kikopey, ilhali daktari alimkataza nyama nyekundu. Aliagiza, akalipa pale kwenye kaunta bila maongezi, akampa Odhiambo ale yote. "Nimenenepa kwa ajili ya huyo kijana," Odhiambo alisema.

Huyo ndiye mtu ambaye mjukuu wangu alikwenda kuketi kwenye benchi lake.

Nyambura nimemlea mimi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alipomaliza shule ya mawakili akazunguka Nakuru nzima akitafuta wa kumpokea, na kila ofisi ilikuwa imejaa. Mimi sikumwombea. Wakili alikuwa amesema wazi kwamba hachukui mtoto wa mtu wa ofisi, maana ukimchapa mtoto chai inakuja na chumvi. Nyambura akapanda ngazi mwenyewe, asubuhi moja, akanipita kama hanijui, akaketi. Alikaa benchini siku hiyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Mwishowe Wakili akamwita, akamuuliza maswali, akamchukua. Alikuja kujua baadaye, Odhiambo alipoteleza ulimi akaniita shosho yake Nyambura.

Alikuja jikoni. "Kumbe ni wako."

"Ni wangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema huchukui wetu."

Akanitazama sana. "Sitamhurumia."

"Sikukuomba umhurumie," nikamwambia. "Mfundishe."

Na kweli hakumhurumia. Nilipika chai miezi hiyo nikimsikia akimsomea Nyambura maandishi yake kwa ile sauti ya puani, na sikuingilia. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu atie sahihi kwamba amemaliza.

Basi kulikuwa na kesi ya mama mmoja wa Rongai, mjane. Shemeji zake walikuwa wameuza shamba alilolima tangu aolewe, na mnunuzi alikuwa ameshaleta trekta, limesimama kwenye ua linangoja. Kilichozuia lile trekta ni amri ya mahakama, na amri hiyo ilikuwa inaisha siku hiyo ninayoieleza. Kama hakuna wakili wa kusimama na kuomba iendelee, trekta linaingia. Mahindi yalikuwa yameshika mbelewele.

Wakili alikuwa amelala Molo kwenye matanga ya ndugu yake. Asubuhi akashika njia, na Sachangwan akakuta lori la viazi limelala barabarani, magari yamesimama huku na huku. Akampigia Odhiambo, aliyekuwa mahakamani na Nyambura na faili. Akasema, "Mpe simu msichana." Odhiambo alisikia yote, kwa sababu Wakili huongea na simu kama anaita ng'ombe.

"Mtakapoitwa, simama. Sema niko njiani. Keti."

"Mzee, lakini ulisema..."

"Najua nilichosema. Simama."

Wakaitwa. Nyambura akasimama, akasema Wakili yuko njiani, barabara imefungwa Sachangwan. Hapo angeketi. Lakini hakimu, mama mmoja asiyependa mchezo, alikuwa anaandika bila kuinua kichwa, akauliza, "Mahakama haingojei malori. Kuna ombi lolote?" Na yule mjane wa Rongai alikuwa ameketi pale, amekunja mikono, anamtazama Nyambura usoni.

Nyambura akasema, "Tunaomba amri iendelee, Mheshimiwa."

Aliyesimama upande wa mnunuzi alikuwa yule kijana wa tai nyekundu. Alisimama polepole. "Mheshimiwa, kabla sijajibu ningependa kujua ninamjibu nani. Mwenzangu atuambie aliapishwa lini."

Odhiambo anasema kwamba chumba chote kilisikia kalamu ya hakimu ikiwekwa mezani.

Hakimu akaamuru Nyambura aketi kando, pembeni ya askari wa mahakama, asitoke mpaka aliyemtuma afike aeleze. Asipofika, au akikana, atafunguliwa mashtaka siku hiyo hiyo. Odhiambo akanipigia. Nilizima jiko, nikafunga ofisi, nikaenda kwa miguu kwa sababu kusimama kungoja chochote nisingeweza.

Nilimkuta kwenye benchi la pembeni, ameshika faili kifuani.

"Shosh, nimekwisha."

"Hujakwisha. Nyoosha mgongo."

"Ni mimi niliongeza maneno. Yeye alisema niseme yuko njiani tu."

"Nani mwingine anajua hivyo?"

"Odhi. Na yeye."

Nilikaa nyuma yake. Niliijua ile faili ya chini ya kiti cha gari, na nilimjua mtu tunayemngoja. Angeweza kuokoka kwa ukweli nusu, tena bila kusema uongo hata kidogo: nilimtuma ujumbe tu, mengine ni yake.

Kesi nyingine zikaendelea kuitwa. Yule wa tai nyekundu akatoka kupokea simu, nikamfuata koridoni.

"Kijana. Nilikupikia chai."

Akashtuka, akaniamkia vizuri, maana hakuwa na adabu mbaya. "Shikamoo mathe. Hii ni kazi tu. Mimi sina ubaya na yeye."

"Najua huna. Ndilo linaloniogopesha."

Akatazama chini. Akasema, "Mimi pia ningeulizwa na wakubwa wangu kwa nini sikuuliza." Halafu simu ikalia tena.

Wakili aliingia jua limeshapanda. Alikuwa ameacha gari Sachangwan, akatembea kulipita lile lori, akapanda boda boda huku mbele. Suruali ilikuwa na matope mpaka magotini, na mtu huyu sikuwahi kumwona na doa. Aliinama kwa hakimu. Hakumtazama Nyambura, hakunitazama.

Hakimu akasema, "Wakili, kuna binti hapa aliomba amri kwa niaba ya mteja wako. Hajaapishwa. Unamjua?"

"Namjua. Yuko chini yangu."

Hapo yule kijana wa tai nyekundu akasimama, na mpaka leo sijui kama alitaka kumwokoa mzee wake au kumaliza jambo haraka. Akasema kwa upole, "Mheshimiwa, inawezekana Mzee alituma ujumbe tu na binti akajiongezea mwenyewe. Vijana wa siku hizi wana haraka. Kama ni hivyo, mimi sina neno na Mzee."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, umefunguliwa na mtu mwingine. Yeye ilibaki apite tu. Nyambura alikuwa ameshaanza kuinuka, nadhani aseme ni yeye. Nikamshika sketi kwa nyuma nikamkalisha.

Wakili alishusha macho kwenye matope ya suruali yake. Hakimu akauliza tena, "Wakili? Ndivyo ilivyokuwa?"

"Hapana, Mheshimiwa." Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya kusomea. "Nilimwambia asimame. Nilijua hajaapishwa. Ukimsimamisha mtu mahali hapa, utaulizwa maswali, na akiulizwa atajibu. Mimi ndiye ninayewafundisha hivyo. Kosa ni langu."

"Ungeweza kumtuma karani."

"Ningeweza. Niliogopa karani hatasikilizwa, trekta liingie. Kosa ni langu," akarudia, kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni.

Hakimu alimwachilia Nyambura. Amri aliiendeleza, akisema mama wa Rongai hawezi kulipia makosa ya mawakili. Na Wakili akaandikwa, jina lake likapelekwa kwa wale wanaowaadhibu mawakili huko Nairobi. Hakujitetea. Wakamsimamisha kazi kwa muda, na muda ulipoisha hakurudi. Ofisi ilifungwa. Odhiambo akapata kazi kwa mtu mmoja mwenye malori, mimi nikarudi kwa kuku wangu.

Nyambura alibaki na miezi ambayo haikuhesabiwa. Alitakiwa aanze upya na wakili mwingine, na alipobisha milango alisikia, "Wewe si ndiye yule aliyejifanya wakili?" Mwishowe mama mmoja wa Gilgil alimpokea, akaanza mwanzo, akamaliza, akaapishwa. Nilikwenda Nairobi nimevaa kitenge changu. Nikapiga vigelegele mpaka nikaambiwa ninyamaze.

Halafu na yeye akaanza kuzunguka.

Nilimwona Wakili mara ya mwisho mwaka huu, baada ya mvua ndefu, kwake huko Subukia. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande mmoja. Binti yake alinipokea getini, akanishika mkono. "Shosho, tafadhali. Pressure yake si nzuri. Usimwambie kitu cha kumsumbua."

Nikamkuta kwenye kiti cha ukumbini, ameelekea dirisha. Mdomo ulikuwa umeenda upande, lakini macho yalikuwa yake.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa."

"Nimekuletea mayai."

Tukakaa. Tukaongea juu ya mvua, juu ya Odhiambo. Niliona kuna kitu anakizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Akauliza, "Aliapishwa?"

"Aliapishwa."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Yuko ofisi gani?"

Binti yake akanitazama. Mimi sijui kusema uongo, na si kwa utakatifu, ni kwa kukosa mazoezi.

"Yuko saiba, pale penye kompyuta za kukodi, Kaptembwo. Anawaandikia watu barua za kuomba kazi."

"Zake ameandika?"

"Mpaka makarani wa mawakili wanamwita kwa jina. Mmoja alimtaka afanye kazi bure apate uzoefu. Mwingine alimtaka akae mapokezi. Wengine bado wanamkumbuka."

Ule mkono mzima ulisugua ule usiosikia. Nje ng'ombe alikuwa analia kukamuliwa. Akasema, "Basi nilisema bure siku ile."

"Shosho, nilikuomba nini?" binti akaninong'oneza kwa hasira.

"Uliniomba nisimsumbue. Hukuniomba nimdanganye." Nikamgeukia Wakili. "Na wewe, usinikate kabla sijamaliza. Ile kesi ya mama wa Rongai haijaisha. Mama hakuwa na mtu tena. Alimtafuta Nyambura mpaka akampata pale saiba. Miezi michache iliyopita Nyambura aliomba ruhusa kwa mwenye saiba, akaenda mahakamani."

Akageuza kichwa chote. "Hakimu ni yule yule?"

"Yule yule."

"Na upande wa pili?"

"Wa tai nyekundu."

"Akamuuliza?"

"Hakuuliza. Hakimu ndiye aliyeuliza. Akamwambia, leo umekuja kama nani?"

"Akasema nini?"

"Akataja namba yake ya uwakili na siku aliyoapishwa. Nilikuwa nimekaa nyuma. Sikumshika sketi."

Kitu kilipita kwenye ule upande mzima wa uso. "Na amri?"

"Ipo. Mama amevuna."

"Alimlipa?"

"Gunia la mahindi. Tumelila nusu." Nikaona afadhali niseme yote. "Lakini kesho yake asubuhi alirudi saiba, Wakili. Kusimama si kazi. Hajapata kazi."

Binti yake akaleta uji, akamshikia kikombe, naye akakisukuma kando.

"Analala wapi?"

"Kwangu."

"Anakula kwako?"

"Anakula kwangu."

"Mpaka lini?" akaniuliza, na sauti ilikuwa kali kama ya zamani, kama kwamba ni mimi niliyemaliza chuo na kurudi bila kitu.

"Mpaka kazi ipatikane," nikamwambia, "au mpaka nife. Na mimi sina haraka ya kufa."